Usiuze mashine yako ya milingi kisa nguzo ya duara

Kuna msomaji kaniandikia anauliza auze mashine yake ya milingi (ya kukatia na kutobolea chuma) yenye nguzo ya duara ama vipi, maana kila akipandisha kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshika biti, matundu yanahama. Aisee usiuze. Na mimi niliambiwa hivyohivyo na fundi mmoja mjuaji, tena mbele za watu, kwamba hiki changu ni kikeekee kilichovimba kichwa. Juzi nimetoboa flanji, nikapandisha kichwa kufunga rima (kifaa cha kusawazisha tundu), nikashusha, pini zikaingia kwa kusukuma na kidole tu. Natamani angekuwepo.

Shida yenyewe mnaijua, nguzo ni laini haina mfereji wa kukishika kichwa, ukilegeza boli tu kinayumba kushoto kulia na senta uliyoitafuta imeshapotea. Mimi nimefunga leza ya mstari kwenye kichwa, kwa boli sio gundi, inapiga ukuta wa mbali ambako nimechora mstari wima kwa kufuata timazi. Hesabu yake ni tamu: kama kutoka katikati ya nguzo hadi spindo (mhimili unaozungusha biti) ni milimita 200, na ukuta uko mita 4 kutoka kwenye nguzo, basi mwanga ukihama milimita 1 ukutani spindo imehama 0.05 tu. Ukuta ukiwa mbali zaidi ndo raha zaidi. Mwanga wenyewe ni mnene kwahiyo fuata ukingo wake mmoja, uleule kila siku, na usitoe macho ukutani wakati unakaza, maana boli zenyewe zikikazwa zinavuta kichwa. Kaza kidogokidogo kwa kupokezana, mpangilio uleule.

Lakini jamani tupange kazi! Watu wanakimbilia kununua vifaa wakati wangetumia koleti (kishikio kifupi cha biti) badala ya chaki (kile kishikio kirefu cha meno), na biti fupi, kichwa kisingeguswa kabisa. Chagua kimo kimoja kinachotosha kifaa chako kirefu kuliko vyote, malizia hapo. Panga kwanza ndo uwashe, panga kwanza.

Halafu kama nguzo imeinama leza haisaidii kitu, kichwa kikizunguka tu spindo nayo inalala. Hapo ni kuweka vibati vyembamba chini ya kitako cha nguzo na kuzungusha dayo geji (kipimo cha mshale) iliyofungwa kwenye spindo juu ya meza mpaka isome sawa pande zote. Na tundu la beringi usiliamini kwa leza, funga geji kwenye spindo, izungushe ndani ya tundu, ndo ukate.