Wasomaji Wanauliza: Utafiti wa Ustawi wa Jamii Vijijini, Kutoka Daftarini Hadi Jaridani

Swali: Ndugu wahariri, nilifanya mahojiano na watu 14 kuhusu malezi ya watoto ambao wazazi wao wamekwenda mjini kutafuta kazi. Jarida limenirudishia makala. Mhakiki wa kwanza anasema sijaeleza kijiji chenyewe kikoje. Wa pili anasema washiriki wanaweza kutambulika. Nikieleza zaidi, si nitazidi kuwaanika?
*Afisa ustawi wa jamii*

Jibu: Wahakiki wote wawili wana haki, ndugu yetu, na wala hawapingani. Mmoja anadai maelezo ya mahali, mwingine anahofia maelezo ya watu. Yatenganishe.

Kuhusu mahali, maneno kama "kijiji cha mbali" au "jamii maskini" hayamwambii msomaji kitu. Mwambie inachukua saa ngapi kufika hospitali wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, afisa ustawi mmoja anahudumia watu wangapi, na wengi wanaishi kwa kazi gani. Toa makadirio ("saa mbili hadi tatu", "watu kama 4,000") ili eneo lieleweke bila kutajwa. Sema pia umetumia kipimo gani kuliita eneo hilo kijijini, kwa kuwa kila nchi ina chake na mhakiki aliye bara jingine ana picha yake kichwani. Kwa ulinganisho wa kimataifa upo utaratibu ulioridhiwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Ardhi hugawanywa katika miraba ya kilomita moja ya mraba. Miraba inayopakana, kila mmoja ukiwa na watu wasiopungua 300 na yote kwa jumla ikifikisha watu 5,000, huhesabiwa kuwa eneo la mji au nusu mji. Panapobaki ni kijijini. Sentensi moja au mbili za namna hiyo katika sehemu ya mbinu huzuia mabishano marefu.

Kwenye watu ndiko kwenye kazi. Kijijini, kufuta jina hakumfichi mtu. Tazama mstari kama huu katika jedwali la washiriki: "Mshiriki wa 7, mwanamke, miaka 43, mjane, muuguzi wa zahanati, analea pacha wa mdogo wake." Kila kipande peke yake hakina madhara. Vikikaa pamoja, mtu yeyote wa eneo lile anamjua ni nani kabla hajafika mwisho wa mstari. Na anayetakiwa kukutia wasiwasi zaidi si msomaji wa ng'ambo. Ni shemeji, jirani au mkuu wake wa kazi, maana hao ndio wenye uwezo wa kumdhuru.

Kwa hiyo ondoa jedwali la mtu mmoja mmoja, uweke maelezo ya jumla: wanawake 9, wanaume 5, umri kati ya miaka 24 na 61. Kisha fuatilia namba za washiriki kwenye nukuu, kwa sababu hapo ndipo siri nyingi huvujia. Ukurasa wa tano Mshiriki wa 7 anataja ujane, ukurasa wa tisa Mshiriki huyo huyo anataja zamu ya usiku zahanati. Msomaji anaunganisha mwenyewe. Nukuu iliyo nyeti iache bila namba. Unaweza pia kubadili jambo lisilobeba hoja, mfano idadi ya watoto, mradi useme wazi katika sehemu ya mbinu kwamba baadhi ya maelezo yamebadilishwa. Linalobeba hoja usiliguse. Kama ujane ndio kiini cha uchambuzi wako na unamtambulisha mtu, nukuu hiyo iondoke, hata iwe tamu namna gani.

Pitia na sehemu ya shukrani. Watu huficha kijiji kurasa ishirini, halafu mwishoni wanamshukuru mwenyekiti wake kwa jina. Jina la ofisi iliyotoa kibali, likisomwa sambamba na mahali pa kazi pa mwandishi, hufichua vilevile. Mwombe mhariri ushauri juu ya kuliandika kwa ujumla.

Mwisho, kabla ya kutuma tena, warudie washiriki wenye nukuu nzito, uwasomee maneno yao yatakavyochapishwa. Fomu waliyosaini siku ya mahojiano ilikubali mazungumzo ambayo hata wao hawakujua yangefika wapi. Ruhusa ya kiongozi wa kijiji nayo inakufungulia mlango wa kuingia tu. Ridhaa anaitoa mtu mwenyewe.

Swali: Nina majalada ya wateja niliowahudumia kwa miaka mingi. Naweza kuyafanya makala?

Jibu: Mteja alikueleza mambo yake ili apate msaada, hakuyatoa kwa ajili ya utafiti. Peleka maombi kwa kamati ya maadili kabla hujaanza kuyachambua, ueleze ni taarifa zipi utatoa, nani ataziona na utafutaje vitambulisho. Kamati nyingi huwa na utaratibu wa kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa, lakini kibali cha kurudi nyuma, baada ya kazi kukamilika, ni nadra sana. Ukitafuta ridhaa, asiombe mtu yule yule anayeamua nani apate huduma. Mteja ataogopa kukataa.

Swali: Tasnifu yangu ina kurasa 140. Nianzie wapi kuipunguza iwe makala?

Jibu: Usiipunguze. Chagua swali moja kati ya yale uliyojibu, ufungue faili jipya. Majarida mengi ya fani hii hupokea maneno kati ya 5,000 na 8,000, na mara nyingi marejeo huhesabiwa humo. Soma mwongozo wa jarida lako. Sura ya mapitio ya maandiko inabaki aya nne au tano zinazoelekea kwenye swali. Sehemu ya mbinu usiibane. Eleza mahojiano yalifanywa kwa lugha gani, nani alitafsiri, na uhusiano wako na wahojiwa ulikuwaje. Mtu anayejua kwamba wewe ndiwe unayeandika orodha ya misaada atakujibu kwa tahadhari, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Orodha ya COREQ ya mwaka 2007, yenye vipengele 32 vya kuripoti utafiti wa mahojiano, itakuonyesha ulichosahau. Ikisiri iandike mwisho.

Swali: Nimepokea barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tano nikilipa ada. Je, nikubali?

Jibu: Hapana. Kuwapata wahakiki wawili tu huchukua wiki kadhaa, hivyo siku tano maana yake hakuna atakayeisoma. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji. Na kwa kuwa wapo wanaojitangaza kwa uongo, hakikisha kwenye tovuti za taasisi hizo zenyewe. Ada si dalili ya utapeli peke yake. Majarida halali mengi hutoza, na baadhi husamehe, ila omba msamaha huo kabla ya kutuma makala. Tuma kwa jarida moja kwa wakati mmoja.

Swali: Mkuu wangu anataka jina lake litangulie ingawa hakuandika neno. Msaidizi wangu wa kijijini alitafsiri mahojiano yote na kunirekebisha nilipoelewa vibaya, lakini hakuna anayemtaja.

Jibu: Vigezo vya uandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vinavyofuatwa na majarida mengi ya afya, ni vinne, na mwandishi hutimiza vyote: kuchangia kwa uzito katika kubuni kazi au kupata, kuchambua au kufasiri data, kuandika au kurekebisha rasimu kwa kina, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika. Kutoa gari au kusaini barua hakumo. Msaidizi wako ametimiza kigezo cha kwanza, na anastahili kupewa nafasi ya kutimiza vilivyobaki. Mpe rasimu mapema, kwa lugha anayoisoma vizuri, na makubaliano ya majina yaandikwe kabla rasimu ya pili haijaanza.