Maji ya mgawo: ya mwanzo usiyanywe

Umeuliza kwa nini maji ya mgawo hutoka na rangi ya kutu yanaporudi, na kama yakitakata yanafaa kunywewa. Rangi hiyo ni kutu ya bomba inayobanduliwa maji yanaporudi kwa kasi. Lakini si kutu tu: yanapokatwa, shinikizo ndani ya bomba hushuka, na uchafu wa ardhini hupenya kupitia nyufa na viungio vinavyovuja. Pampu inayofyonza moja kwa moja kutoka bomba kuu huzidisha hatari hiyo. Kutakata, basi, si usalama. Ya mwanzo yapigie deki, kisha kinga maji ya kunywa kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, kwani kikombe kinachochovywa ndani, kwa maoni yangu, huharibu mengi kuliko bomba lenyewe. Ukitia klorini, subiri dakika 30, na klorini iliyobaki majini isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Yenye tope yachuje kwanza, maana tope huimaliza dawa.