Kabla Hujatia Sahihi kwa Wakili wa Kesi ya Ajali

Baada ya ajali ya barabarani nchini Kenya, mtu wa kwanza kukuzungumzia fidia mara nyingi si wakili. Ni dalali. Atakufuata wodini, au atakuvizia kituo cha polisi unapoenda kuchukua abstrakti, ile hati ya polisi inayoeleza ajali, na fomu zake tayari zimechapwa: hapa sahihi, hapa dole gumba, kitambulisho nipige picha. Tazama vizuri fomu hizo. Mara nyingine nafasi ya jina la wakili imeachwa wazi, ijazwe baadaye na ofisi itakayoinunua faili yako. Sheria ya Mawakili inamkataza wakili kugawana ada na mtu asiye wakili, kwa hiyo kazi hiyo inaanza ikiwa na doa, na chochote atakachopewa dalali kitatafutiwa nafasi katika pesa zako.

Usitie sahihi. Kesi ya madai ya majeraha inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Kinachohitaji haraka ni ushahidi, nao unaweza kuanza kuukusanya wewe mwenyewe au jamaa yako kabla hata hujamjua wakili.

Miaka hiyo 3 ina mitego yake. Ukigongwa na gari la serikali, muda ni miezi 12 tu. Aliyeumia akiwa mtoto, muda wake hauanzi kuhesabiwa hadi atimize miaka 18, ingawa mzazi au mlezi anaweza kushtaki kwa niaba yake mapema, na afanye hivyo mashahidi wakiwa bado wanapatikana. Na aliyeumia kazini, awe dereva wa lori au kibarua wa mjengo, akimdai mwajiri wake hapiti njia hii kabisa: Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ile WIBA, inampeleka kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu ilithibitisha uhalali wa sheria hiyo mwaka 2019, na bado wapo wanaofungulia wateja kesi kama hizo mahakamani moja kwa moja, zinatupwa, na mteja anarudi kwenye foleni muda umemwishia.

Kwa hiyo mwulize wakili swali hili mapema: muda wangu unaisha lini? Akikujibu "miaka mitatu" kabla hajauliza gari lilikuwa la nani na wewe ulikuwa unafanya nini ndani yake, endelea kutafuta.

Kujua kama ni wakili kweli ni kazi ya dakika chache. Cheti cha kuruhusiwa kufanya kazi hutolewa kila mwaka, na tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, ina sehemu ya kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Tafuta jina la mtu, si la ofisi. Hati iliyoandaliwa na asiye na cheti inaweza kukuzulia ubishi mrefu ambao hauhusu hata jeraha lako.

Sasa karatasi, maana kesi nyingi za ajali hushindwa hapa kabla hakimu hajasikia neno. Unahitaji abstrakti ya polisi, fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, iliyojazwa na daktari, karatasi za matibabu za siku ile ile ya ajali, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali kama ulilazwa, picha za eksirei, na risiti zote. Zipange mezani na usome jina lako katika kila moja. Hospitali ya kwanza huandika jina kama lilivyotamkwa na aliyekubeba. Polisi huandika lingine. Kitambulisho kina la tatu. Wakili wa kampuni ya bima ataisimamisha kesi hapo hapo: aliyetibiwa ni nani? Ubishi huo una sababu. Matatu ya viti 14 imewahi kuzaa wadai zaidi ya viti ilivyo navyo, ndiyo maana kampuni za bima hulinganisha kitabu cha matukio cha polisi na rejista ya hospitali, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Kosa lisahihishwe sasa, na ofisi ile ile iliyolifanya, kwa muhuri wake. Ukilirekebisha kwa kalamu yako umeiua karatasi.

Katika abstrakti angalia pia namba ya usajili wa gari, jina la kampuni ya bima, namba ya bima na matokeo ya uchunguzi. Ikisema uchunguzi bado unaendelea, ufuatilie. Dereva akishtakiwa kwa kosa la trafiki na kupatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito sana katika kesi yako ya madai, ingawa haizuii mahakama kusema nawe ulichangia. Hapo ndipo mkanda na helmeti huingia: abiria asiyefunga mkanda, abiria wa boda boda asiye na helmeti, mtembea kwa miguu aliyekatiza barabara ghafla, wote wanaweza kupunguziwa fidia kwa asilimia ya makosa yao. Mweleze wakili ukweli wote. Akiujulia kizimbani, amekwisha chelewa.

Ripoti ya daktari ya kesi ni kitu kingine, tofauti na P3. Humo daktari hueleza jeraha, matibabu yaliyofanyika, hali ilivyo leo, na kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Wakili mwenye haraka atakupeleka ukiwa bado na plasta mguuni, apate ripoti na afungue kesi. Ripoti ya namna hiyo hukisia. Mfupa wa paja unaweza kuunga vibaya, mguu ukafupika, na hayo hayaonekani wiki ya sita. Jeraha likiwa zito, subiri hali itulie, mradi muda wa kushtaki uwe salama. Bima nayo ina haki ya kukupima kwa daktari wake. Nenda, ubebe eksirei zako, na uondoke nazo.

Kuna mstari mmoja katika hati ya madai, ile inayofungua kesi mahakamani, ambao uutafute kwa kidole. Kama umewekewa vyuma mfupani, vitahitaji kutolewa siku moja, na upasuaji huo una gharama. Daktari auandike katika ripoti pamoja na kiasi, na wakili auandike katika hati ya madai. Gharama ya matibabu ya baadaye isipodaiwa waziwazi, hakimu hawezi kukupa hata akikuhurumia. Ndivyo ilivyo kwa gharama zote mahususi: hudaiwa kwa kiasi kamili na kuthibitishwa kwa karatasi. Nauli ya kwenda kliniki bila risiti huwa imepotea. Kwa pesa za maumivu na ulemavu hakuna risiti. Huko hakimu hulinganisha jeraha lako na hukumu za majeraha yanayofanana, na ni kazi ya wakili kumpelekea hukumu hizo. Mwombe akutajie mbili tatu za miaka ya karibuni. Zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa hiyo unaweza kuhakikisha. Anayekuahidi mamilioni kwa michubuko na maumivu ya misuli bila kukuonyesha hukumu hata moja anakuuzia ndoto.

Mapato nayo yana ushahidi wake. Mama mboga au mwendesha boda boda hana hati ya mshahara, lakini taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa, leseni ya biashara au kumbukumbu za chama zinasaidia. Bila hivyo mahakama mara nyingi huangukia kima cha chini cha mshahara.

Nani ashtakiwe? Watu husema "nitaishtaki bima", na mambo hayako hivyo. Unamshtaki mwenye gari, na dereva. Bima hulipa baada ya hukumu au makubaliano. Mwenye gari hathibitishwi kwa maandishi yaliyo ubavuni mwa matatu. Wakili achukue kumbukumbu za usajili kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, zinazoonyesha mwenye gari siku ya ajali, kwani gari linaweza kuuzwa wiki inayofuata. Kisha amtumie mwenye gari barua ya madai, na aijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kabla kesi haijafunguliwa. Taarifa hiyo ni sharti la kisheria lenye muda mfupi. Isipotolewa, kampuni inaweza kukataa kulipa hata hukumu ikiwa mkononi mwako. Dai nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ikae nyumbani kwako. Ujue pia kwamba bima ya lazima ya gari haimlipi mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi kinatafutwa kwa mwenye gari. Na baadhi ya kampuni zilizokuwa zikikatia matatu bima zimeanguka kabla ya kulipa, kwa hiyo uliza mapema hali ya kampuni iliyotajwa katika abstrakti. Jibu linaweza kubadilisha uamuzi wako juu ya kukubali kiasi kidogo leo.

Maana kiasi kidogo kitaletwa. Mtu wa bima atakuja na hati ya malipo kamili na ya mwisho, na pesa taslimu machoni pako zitaonekana nyingi kuliko zilivyo. Ukitia sahihi, umemaliza. Vyuma, mguu mfupi, upasuaji wa pili, vyote vimekuwa vyako.

Kesi nyingi za majeraha husikilizwa na mahakimu, maana hakimu mkazi anaweza kusikiliza dai la hadi shilingi milioni 5 na hakimu mkuu hadi milioni 20. Swali la maana zaidi ni kesi itafunguliwa mji gani. Ajali imetokea Voi, mwenye gari anakaa Mombasa, na kesi imefunguliwa mahali ambapo wakili ana ofisi tu: jiandae kwa pingamizi, na kwa nauli. Abiria wengi wa gari moja wakishtaki, mahakama yaweza kuchagua kesi moja ya kuamua nani alikosa, na nyingine zikafuata uamuzi huo. Uliza kama yako ndiyo hiyo moja. Kama siyo, uliza nani anaiendesha na kama anaijua kazi, kwa sababu akishindwa yeye, nawe umeshindwa.

Tuje kwenye ada. Kenya hairuhusu makubaliano kwamba wakili atalipwa tu kesi ikishinda, wala kumuuzia sehemu ya fidia kabla. Asilimia ya mdomo mliyopatana haina nguvu ya kisheria, na ikifika siku ya kugawana hutakuwa na karatasi ya kumshika nayo. Njia halali ni mbili: mpatane ada kwa maandishi uliyotia sahihi, au mfuate jedwali rasmi la ada za mawakili. Kuna gharama ambazo mahakama humwamuru aliyeshindwa alipe, na kuna ada ya wakili wako kwako wewe. Kwa jedwali, hiyo ya pili ni ile ya kwanza ikiongezwa nusu. Makubaliano yaseme kama pesa atakazolipa mshindwa zinahesabiwa ndani ya ada yako au ni za ziada. Wengi huumizwa na sentensi hiyo moja iliyokosekana. Kisha kuna matumizi: ada ya mahakama, NTSA, ripoti ya daktari, daktari kuja kutoa ushahidi, mpeleka hati. Andikeni nani anatanguliza na kama hurudishwa. Na uulize ukishindwa itakuwaje, kwa sababu gharama za upande wa pili zinaweza kukuangukia wewe.

Kesi ikifunguliwa, chukua namba yake siku hiyo hiyo, na nakala ya hati ya madai. Usikubali "faili iko mahakamani" kama jibu.

Malipo ya bima kwa kawaida hutumwa kwa akaunti ya wateja ya wakili, haiji kwako moja kwa moja. Hapo ndipo kimya huanza. Dai vitu vitatu: hukumu au makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani, ushahidi wa kiasi na tarehe ambayo bima ililipa, na hesabu iliyoandikwa inayoonyesha kila makato. Ukizungushwa, iandikie kampuni ya bima mwenyewe na uulize ililipa lini. Wakili kuzuia pesa za mteja isivyo halali ni kosa la jinai, na Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila malipo. Lakini kimya kingine kina sababu: bima ikikata rufaa, mahakama mara nyingi husimamisha malipo kwa sharti kwamba pesa, au nusu yake, ziwekwe katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili. Omba kuiona amri hiyo.

Ukitaka kubadilisha wakili, fanya kabla ya hukumu. Kabla yake wakili mpya huwasilisha notisi tu. Baada yake, inahitajika ruhusa ya mahakama au maandishi ya ridhaa kati ya wakili mpya na anayeondoka, na anayeondoka kwa kawaida ataishika faili hadi alipwe. Ndiyo maana zile nakala zenye mihuri zinapaswa kuwa nyumbani kwako tangu mwanzo.