Shangazi, mume wangu ameoa hesabu

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni mhadhiri wa hisabati chuo kikuu, tuna watoto wawili. Usiku wa manane namkuta sebuleni kakodolea macho karatasi, hasemi neno. Anadai kuna swali analifukuzia, mwaka wa nne huu. Shemeji yangu, mume wa dada, ni injinia, kajenga na ana magari mawili. Sisi bado tunapanga. Kwenye simu nimekuta meseji za mwanamke wa Kijerumani saa sita usiku. Sasa kaalikwa Trieste, Italia, miezi mitatu. Nimemficha pasipoti. Nifanyeje? Mke Mpweke, Dar es Salaam.*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kulala na mtu ambaye mawazo yake yako kwingine kunauma, nalijua hilo. Ila pole yangu inaishia hapo, maana barua yako ilikuwa ndefu kuliko hiki nilichochapa, na yale mengine ndiyo yaliyonifungua macho.

Unasema hakujali. Kurasa hizohizo zinasema ndiye anayewapeleka watoto shule asubuhi, na mshahara ukiingia anakukabidhi. Zile meseji ulizipiga picha ukanitumia, nami nimezisoma. Ni herufi, mabano na alama za kujumlisha toka juu hadi chini, na mahali pamoja mama wa watu kaandika kwamba mstari wa tatu haujathibitishwa. Hawara gani huyo? Wanafanya kazi pamoja, basi.

Linalokuuma ni gari la shemeji yako. Injinia ana miradi na kazi za pembeni. Mtafiti wa hisabati ana kalamu, karatasi na ubao. Akimaliza kazi leo, anaipeleka kwenye jarida, na wakaguzi wanaweza kukaa nayo mwaka mzima wakitafuta kosa. Kupanda cheo kunategemea makala hizo. Unapoona mtu ameduwaa mbele ya karatasi, hapo ndipo anapotoka jasho. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Andrew Wiles, mwanahisabati Mwingereza, alijifungia kwa miaka saba na swali aliloliacha Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Mkewe, Nada, aliambiwa habari ya swali hilo wakiwa fungate. Mwaka 1993 Wiles akatangaza Cambridge kwamba amelimaliza, dunia ikashangilia, kisha likaonekana pengo katika uthibitisho. Bibi yule akasema zawadi anayoitaka siku yake ya kuzaliwa ni uthibitisho ulio sahihi. Siku ikafika, mume hana kitu. Mwaka uliofuata akamkabidhi. Sikuahidi kwamba mumeo atavuma. Wengi hawavumi, na swali lake huenda likamshinda. Lakini tazama yule mwanamke aliomba nini. Asingeliomba kama hakujua mumewe anahangaika na nini.

Wewe je? Miaka minne, na barua yako yote haina mstari hata mmoja unaoniambia swali lenyewe linahusu nini. Umempekua simu, umempekua mifuko, hujamuuliza. Na si wewe peke yako. Ndoa za siku hizi bibi harusi anafundwa kuuliza mume analeta nini, hafundwi kuuliza mume anafanya nini huko anakoshinda. Mnaangalia stetasi ya dada, mnarudi kumnunia baba watoto, naye hata hajui kosa lake. Nyumba njema si mlango, mwanangu.

Mumeo naye ana lake. Kukubali safari ya miezi mitatu bila kukaa na mke ni utovu wa adabu, na umwambie mimi ndiye niliyesema. Kabla hajaondoka mkubaliane kodi, ada, na siku za kupiga simu.

Ila safari aende. Huko Trieste kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa fizikia na hisabati, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia Mpakistani, aliyeonja kwao upweke wa kufanya utafiti bila wenzako wa kujadiliana nao. Alitaka watu wa nchi kama zetu waende, wafanye kazi na wenzao, kisha warudi makwao badala ya kuhamia Ulaya moja kwa moja. Umejiita Mpweke. Mwenzako naye ni mpweke, na wa kuongea naye usiku amempata Ujerumani kwa sababu sebuleni kwake hakuna anayeuliza.

Pasipoti uliyoifukia chini ya vitenge itoe leo. Usiirudishe kimyakimya kwenye droo ajidhanie ameisahau. Mpe mkononi, mwambie uliificha na kwa nini. Atakasirika, mwache akasirike. Akitulia, mwambie akueleze hilo swali, na ukiona huelewi mwambie aanze upya. Mfanye hivyo wiki hii, maana visa ya Italia haipatikani kwa siku mbili.