Uvimbe kwenye ini la mtoto: fuatilia AFP, na usisahau masikio

Binti yangu alikuwa anakula na kucheza kama kawaida. Tulichokiona ni tumbo lililojaa upande wa kulia na suruali kumbana kiunoni huku mikono ikizidi kukonda. Hapo watu watakwambia ni minyoo. Dai ultrasaundi. Bonge likionekana, usikubali kila anayekuja kuwasalimia alibonyezebonyeze.

Si kila bonge ni saratani. Kwa watoto wachanga huwa kuna uvimbe wa mishipa ya damu ambao mara nyingi hunywea wenyewe au kwa dawa ya propranololi. Ila kwa watoto wa chini ya miaka 3, saratani ya ini inayoongoza ni hepatoblastoma, na kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo uvimbe huu huitoa kwa wingi, ndicho utakachoishi nacho. Mtoto huzaliwa AFP ikiwa juu, kisha inashuka taratibu katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo majibu yasomwe kwa umri wake, siyo kwa kiwango cha mtu mzima kilichochapwa kwenye karatasi. Weka daftari: tarehe, namba, dawa aliyopewa. Na baada ya upasuaji, ikipanda kidogo, muulize daktari kabla hujaanza kulia. Ini linapoota upya nalo hutoa AFP.

Kinachoponya hasa ni kuliondoa bonge lote. Mara nyingi kemotherapia, yaani dawa za kuua saratani, hutangulia ili lisinyae. Likiwa limetapakaa ini zima, suala la kupandikiza ini lizungumzwe mapema, siyo dawa zikishagonga mwamba. Mapafu nayo yapigwe picha, maana ndiko saratani hii inakokimbilia kwanza.

Sasa masikio. Sisplatini, dawa kuu ya ugonjwa huu, huua kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Binti yangu ukimwita kwa nyuma anageuka. Ukifanya "sss" hageuki. Mtoto wa namna hiyo anaonekana anasikia, kumbe maneno yanamfikia nusunusu. Apimwe masikio kabla ya dozi ya kwanza, na aendelee kupimwa hata matibabu yakiisha.

Uliza pia kuhusu thiosulfati ya sodiamu, dawa ya kukinga masikio dhidi ya sisplatini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, kwa watoto ambao ugonjwa haukuwa umesambaa, waliopungukiwa usikivu walikuwa asilimia 33 kati ya waliopewa, na 63 kati ya wasiopewa. Inatiwa saa 6 baada ya sisplatini kumalizika, siyo pamoja nayo, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya siku ya dawa.