Usimpe mpangaji funguo kabla kampuni ya bima haijakujibu kwa maandishi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba unahama, fleti unaipangisha mwezi ujao, na bima uliyokata ukiishi humo mwenyewe "bado ina muda, itaendelea tu." Wataendelea kukukata pesa, hilo ndilo litakaloendelea. Siku ukidai fidia utaambiwa huna bima. Mimi nimeambiwa, na barua ninayo mpaka leo.

Kabla sijapangisha nilimpigia simu wakala aliyeniuzia bima. Nikamuuliza waziwazi: naweka mpangaji, kuna kitu cha kubadilisha? Akajibu, "Hapana bosi, bima ni ya fleti, siyo ya mtu." Hakuandika popote.

Kikaja kupasuka kile kibomba cha mpira kinachopandisha maji kwenye sinki la jikoni, mpangaji akiwa safarini. Maji yalitiririka usiku kucha. Mbao za sakafu zilivimba zikabinuka pembeni, makabati ya chini yakaachia gundi, na kwa jirani wa chini dari ya jipsamu ikadondoka juu ya kitanda. Bahati njema hakuwepo mtu.

Mkadiriaji hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kukagua uharibifu, alipofika hakuanza na bomba. Aliuliza, "Nani anaishi hapa?" Nikamwambia ni mpangaji. Akaandika, akapiga picha, akaondoka. Barua ikaja: fomu ya maombi inasema makazi ya mwenyewe, matumizi yamebadilika bila kampuni kuarifiwa, dai limekataliwa. Kampuni ya bima ya jirani ikamlipa jirani, kisha ikanigeukia mimi irudishiwe pesa zake, kwa hoja kwamba niliacha kibomba kichakavu bila kukibadilisha. Mpangaji akahama, kodi ikakatika, rejesho la mkopo wa benki likabaki palepale. Wakala? Hakumbuki simu yoyote. Kamisheni yake alishakula, na sina shaka kuna mtu leo anaambiwa maneno yale yale. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa.

Usitegemee pia kauli ya "jengo zima lina bima." Mwenyekiti wetu wa umoja wa wamiliki alikuwa akiisema kila mkutano, na ni kweli, ila haitoshi. Bima za majengo hazifanani. Nyingine huishia kwenye kuta tupu na mabomba ya pamoja, nyingine hufika kwenye makabati na sakafu alizoweka mjenzi, nyingine hugusa hata ulichoboresha mwenyewe. Yetu iliishia kwenye kuta. Omba nakala ya hati yenyewe uisome, pamoja na katiba ya umoja, uone pia kama kile kiasi cha mwanzo ambacho bima ya jengo hailipi kinaweza kubebeshwa wewe hasara ikianzia kwako.

Unachohitaji ni bima ya mpangishaji. Marekani hata hati za bima wamezitenganisha: HO-6 ni ya mwenye fleti anayeishi humo, DP-3 hutumika kwa nyumba za kupangisha. Popote ulipo, hakikisha hati inataja vitu vyako vya ndani, dhima kwa watu wengine (yaani hasara yao unayodaiwa wewe), kodi utakayoikosa fleti isipokalika, na mchango utakaotozwa na umoja hasara ya jengo ikizidi bima yake. Hicho cha mwisho usikipite haraka, maana kwenye HO-6 ya kawaida kinga yake huanza na dola 1,000 tu, na paa la jengo zima halitengenezwi kwa hizo. Angalia pia kipengele cha fleti tupu: hati nyingi hupunguza kinga baada ya siku 30 au 60 bila mtu ndani. Vitu vya mpangaji ni juu ya bima yake mwenyewe. Mwandikie hivyo kwenye mkataba.

Leo hii tuma barua pepe kwa kampuni yenyewe, wakala mpe nakala tu. Andika: "Kuanzia tarehe fulani fleti hii itakaliwa na mpangaji. Naomba mthibitishe kwa maandishi kama bima yangu inaendelea au nibadilishiwe." Wakikupigia simu badala ya kuandika, wasikilize, kisha waambie bado unasubiri barua.