Dume langu ana cheti cha DNA, mbona majike hawashiki mimba?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kondoo, nina majike 38 na dume mmoja wa miaka miwili. Nilimnunua na cheti cha maabara, kimeandikwa amepimwa vinasaba na ana nakala mbili za jeni ya uzazi inaitwa FecB, nikajua hapo nimemaliza kazi. Sasa ana miezi miwili na majike, anapanda vizuri tu nimeshuhudia mwenyewe, ila majike wanarudi joto kila baada ya siku 17 hivi, wenye mimba ni wanne tu. Je, maabara wamenidanganya? Na kuna kipimo kingine cha DNA cha kujua dume anayezalisha kweli, nikilipie?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana, msimu mzima ukipita hivihivi inauma. Maabara hawajakudanganya, shida ni kwamba hiyo FecB haihusiani kabisa na mbegu za dume. Ni jeni iliyojulikana kwanza kwa kondoo wa Booroola kule Australia, mwaka 2001 ndo watafiti wakaonyesha hasa ni badiliko gani kwenye DNA, na kazi yake iko kwenye ovari za jike, yaani jike mwenye nakala moja anapevusha mayai mengi zaidi kwa mara moja, ndo maana unaona mapacha na hata watatu. Dume anaibeba tu. Kwa kuwa wako ana mbili, kila binti yake atapata moja, kwa hiyo faida utaiona mabinti wakianza kuzaa, ila kwa hao majike ulionao sasa haiongezi hata mimba moja.

Kipimo cha pili usilipie kwanza. Jeni za dume zimechunguzwa nyingi, za homoni za uzazi kama FSH, LH na inhibini, na zingine kibao, na tatizo linalojirudia ni kwamba alama ya DNA inayoonekana kuendana na ukubwa wa korodani kwa aina moja ya kondoo ukiipeleka kwa aina nyingine inapotea, maana uwezo wa dume unabebwa na jeni nyingi sana kila moja na mchango kidogo, halafu homa moja tu inaweza kuzifunika zote. Mimi napenda sana vinasaba, ila hakuna alama moja ya kukwambia dume huyu atazalisha mwezi huu.

Cha kukwambia ni mikono yako. Mtu amshike kichwa, wewe chuchumaa nyuma yake, vuta korodani taratibu zishuke chini kwenye mfuko kisha zungusha tepu pale penye unene mkubwa. Dume mkubwa kama huyo akiwa chini ya sentimita 32 mimi simtumii. Halafu minya kidogo, inatakiwa usikie kitu kigumu cha kudunda kama msuli uliokazwa, ikiwa laini kama tope mbegu ni chache. Sasa shuka mpaka chini kabisa, kuna kinundu kinaning'inia kila upande, hapo ndo mbegu zinasubiri. Viwili vilingane. Kimoja kikiwa kimevimba na kigumu kama jiwe mwite daktari wa mifugo upesi apime damu, inaweza kuwa Brucella ovis, bakteria anayeshambulia uzazi wa kondoo, na dume wa hivyo hatibiwi, unamwondoa kabla hajawaambukiza madume wengine.

Kumbuka pia kama aliumwa au alipigwa na joto kali kabla ya kumwingiza kwa majike. Mbegu ya kondoo inatengenezwa karibu wiki saba, inaongeza wiki moja na nusu au mbili njiani, kwa hiyo homa ya juzijuzi unailipa miezi miwili baadaye huku dume anapanda kwa nguvu zote kama kawaida. Kupanda na kuzalisha ni vitu viwili tofauti, na wengi wanaumia hapo.

Kwa hiyo mtoe leo, ingiza dume mwingine uliyempima kwa tepu, usisubiri majibu ndo uanze kutafuta. Huyu akipona daktari amkague mbegu kwa darubini baada ya wiki tisa, zikiwa zinachemka kama mawimbi mrudishe kazini, hapo ile FecB itakusaidia. Ila kama korodani ni ndogo tu za kuzaliwa, usibakize watoto wake wa kiume, ukubwa huo unarithiwa kwa kiasi kizuri, na mabinti wa madume wenye korodani kubwa mara nyingi wanawahi kupevuka.

Ukiandika tena niambie tepu imesoma ngapi, na vile vinundu viwili vikoje.